Wanangu wa famasia, madesa hayatawafikisha popote

Wanangu wa famasia, marahaba kwa wote, leo mtanivumilia maana nimekasirika.

Juzi nipo foleni duka la dawa, mbele yangu mama mtu mzima anakohoa, kikohozi kikavu, homa hana, anasema kina miezi na sirapu aliyopewa mwanzo haijasaidia kitu. Kijana wa fildi akamtolea sirapu nyingine na amoksilini juu. Na mama kashika pakiti ya enalaprili, dawa yake ya presha, mkononi kabisa jamani! Nikamuuliza kijana hiyo inafanyaje kazi, akajibu chapchap, "inazuia ACE". Haya, ikizuia ndo kunatokea nini? Kimya.

Sasa sikilizeni. Hiyo ACE ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini, na kina kazi mbili, kinatengeneza angiotensini ya pili inayobana mishipa, ndo maana ukikizuia presha inashuka, na hapo hapo ndo kinavunjavunja bradikinini, kemikali nyingine ya mwili. Ukikizuia, bradikinini inarundikana, inachokoza njia ya hewa, mtu anakohoa, tena kikohozi kinaweza kuanza wiki au miezi baada ya dawa kwa hiyo mgonjwa hata haunganishi. Losartani, dawa nyingine ya presha, inaziba kipokezi, yaani pale angiotensini ya pili inaposhika ili ifanye kazi, kimeng'enya haikigusi, ndo maana kikohozi kwake ni adimu. Na msikichukulie poa, bradikinini hiyo hiyo inaweza kuvimbisha midomo na ulimi mpaka mtu akakosa pumzi. Mama usimwambie aache dawa, mrudishe kwa daktari abadilishiwe. Maswali mawili tu yangetosha na hela yake ingebaki kwenye pochi.

Sisemi haya kuwadhalilisha, nawapenda, ila ukijua ugonjwa unapita njia gani na dawa inakata wapi, madhara unayatabiri mwenyewe bila kukariri.

Mengine nayataja tu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inachochea vimeng'enya vya ini, vidonge vya uzazi wa mpango vinapungua nguvu. Dawa mseto ya malaria mgonjwa anywe na chakula chenye mafuta ili lumefantrini iliyomo ndani yake ifyonzwe vizuri. Antibiotiki haiui virusi, hili hata naona aibu kulirudia.

Lawama zote si zenu lakini. Mwenye duka anahesabu mauzo, mteja naye anakuja anaamuru "nipe amoksi", chuo kinajaza darasa mpaka wengine wanasikilizia dirishani. Na nyie walimu, pepa ile ile kila mwaka, watoto wafanye nini zaidi ya kudesa? Wapeni swali la mzee wa presha anayemeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila siku kwa ajili ya mgongo, muwaulize figo zake zitapataje damu ya kutosha wakati prostaglandini, kemikali zinazosaidia kutanua mishipa ya figo, zimezuiwa na dawa hiyo.