Damu ipae, unga ubaki kwa bodaboda

Mhariri,

Tangu droni (ndege ndogo zisizo na rubani) za kampuni ya Zipline zianze kuruka kutoka Chemelil kupeleka damu na dawa zahanatini, hapa Kisumu wapo wenye maduka wanaouliza lini na wao watapeleka mizigo kwa hewa. Waulize mizani kwanza. Droni ile ya mabawa hubeba takriban kilo 1.75. Pakiti ya unga ni kilo 2, kwa hivyo ugali umeshakataliwa mlangoni. Mfuko wa damu wa mililita 450 lakini hauzidi nusu kilo kwa mengi. Miwili au mitatu inaingia, tena kwa mwendo wa karibu kilomita 100 kwa saa, hata mto Nyando ukiwa umemwagika barabarani kule Ahero.

Zile ndogo za mapanga manne yanayozunguka, za kupigia picha harusini, tuziache huko huko harusini. Betri ikidumu nusu saa bila mzigo, ukiifunga nusu kilo dakika zinapukutika, na lazima ibaki chaji ya kurudi. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mapanga hufanya kazi zaidi.

Kuna pia radi zetu za alasiri. Mwenye pikipiki hujibanza chini ya kibanda mpaka mvua ipungue. Huko juu hakuna kibanda, kwa hivyo safari ambayo si ya dharura ifanywe asubuhi.

Kuhusu usalama, ni kweli droni haina mwendeshaji wa kuvunjika mguu. Hatari yake imehamia uwanjani. Ile ya Chemelil haitui zahanati. Huangusha boksi kwa parachuti ya karatasi na kugeuza. Pale chini panatakiwa uwazi usio na nyaya za stima wala miti, na nafasi ya ziada upande ule upepo unakosukumia. Watoto hulikimbilia boksi likiwa bado hewani, kwa hivyo pazungushiwe kamba na mtu asimame hapo kabla ya saa ya kushuka. Mtu huyo huyo alipeleke boksi moja kwa moja kwenye friji: chanjo nyingi zinataka nyuzi 2 hadi 8, na boksi likisahaulika juani wakati muuguzi anatafuta ufunguo, haraka yote ya angani imekwenda bure.

Damu na dawa ya sumu ya nyoka zipae basi. Gunia la mchele na mtungi wa gesi vibaki kwa bodaboda, na tuwadai kofia ngumu na breki nzima.

Swali langu kwa kaunti za ziwa ni moja. Droni hizo huhudumia umbali wa kilomita 80 hivi kutoka kituoni. Kutoka Chemelil hadi kisiwa cha Mfangano ni zaidi ya kilomita 100, na huko ndiko mgonjwa wa usiku husubiri boti. Kituo kingine kikijengwa, mbona kisiwe Mbita, karibu na kisiwa hicho?

Msomaji wenu,
Kondele, Kisumu