Ukimwalika mtani, mwachie utani wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nitofautiane na mwandishi wa safu yako ya burudani, aliyedai wiki iliyopita kwamba kipindi cha vichekesho kikifutwa baada ya wiki chache kimejihukumu chenyewe, maana watu hawakucheka. Nimefundisha Kiswahili na kusimamia maigizo ya wanafunzi hapa Mtwara kwa miaka mingi, na nijuavyo mimi vipo vipindi vinavyokufa watu wakiwa bado wameshika mbavu.

Chukua mfano wa Richard Pryor, mchekeshaji Mweusi wa Marekani, ambaye kituo cha NBC kilimpa kipindi chake Septemba 1977, vikarushwa vipindi vinne tu. Pryor alikuwa ameshajijengea jina kwenye majukwaa ya usiku kwa maneno makali kuhusu ubaguzi, umaskini na maisha yake mwenyewe, na waliomwajiri walilijua hilo vizuri. Hata hivyo walimpanga Jumanne saa mbili usiku, saa ambayo sisi huku tunaiachia taarifa ya habari na ambayo kwao wakati ule ilihesabiwa kuwa ya familia na watoto, tena akishindana na Happy Days ya kituo cha ABC, iliyokuwa miongoni mwa vipindi vilivyopendwa kuliko vyote nchini humo. Kabla hata kipindi cha kwanza hakijaruka, mkasi ulikuwa umeshaanza kazi. Alikuwa ametunga ufunguzi ambamo anaonekana kichwa na mabega tu, akiwahakikishia watazamaji kwamba hakulazimika kuacha chochote ili apewe kipindi. Kisha kamera inarudi nyuma taratibu, naye anaonekana kama yu uchi, ndani ya vazi la kubana la rangi ya mwili, ila mahali pa uanaume ni patupu. Kituo kiliukata ufunguzi huo, na kwa kuukata kikathibitisha alichokuwa akikisema.

Yaliyosalimika yanatosha kuonyesha kilichopotea. Katika igizo moja yeye ni rais wa 40 wa Marekani, wa kwanza Mweusi, anayeanza kuwajibu waandishi wa habari kwa upole wa kiofisi, na kila swali linamvua kipande cha upole huo. Hiyo ni miaka 31 kabla ya Barack Obama kuchaguliwa. Katika jingine ni mlevi aliyerudi nyumbani na kulala fofofo, na mkewe, aliyeigizwa na Maya Angelou, anazungumza naye kwa muda mrefu bila mzaha hata mmoja. Mimi nililitazama nikicheka, nikajikuta nimenyamaza bila kujua nilinyamaza saa ngapi.

Sisi watu wa kusini tunalielewa jambo hili kuliko tunavyojidhania, kwa sababu tuna watani. Mtani anafika msibani, anazuia jeneza mpaka apewe chochote, anaiga mwendo wa marehemu, anayataja madeni yake mbele ya wafiwa, na hakuna wa kumkasirikia. Pasipo ruhusa hiyo angekuwa mhuni tu wa kufukuzwa. Sijawahi kuona ukoo unaomwita mtani kisha ukamkabidhi karatasi ya maneno anayoruhusiwa kusema.

Mwaka juzi vijana niliowahi kuwafundisha walipewa nusu saa kila Jumamosi na kituo kimoja ambacho sitakitaja. Igizo lao la tatu lilihusu mizani ya korosho. Mkulima ametua gunia lake, karani wa chama cha msingi anasoma kilo huku amelisogezea goti kwa chini ili lionekane jepesi. Mkulima anaona, hasemi neno, anajikalia juu ya gunia. Karani anasukuma goti zaidi, mkulima anamwita mwanawe naye akae, hadi mwisho karani mwenyewe yuko juu ya mizani na hakuna anayejua nani anapima nani. Walilifanyia mazoezi uani kwangu, na jirani yangu, mama mwenye mikorosho yake, alicheka hadi akakaa chini mchangani. Kituo kikataka mizani iondolewe, badala yake awekwe mlevi anayegombana na mama mkwe. Vijana wakatii, wakaigiza ovyo (sikuwaficha), na wiki mbili baadaye wakaambiwa kwamba watazamaji wamepungua.

Ombi langu kwa wenye vituo vya Mtwara na Lindi ni dogo. Wakiwaita tena wachekeshaji wetu, wawapangie saa nne usiku, watoto wakiwa wamelala, na igizo la korosho lirushwe lilivyotungwa. Mizani yenyewe bado ninayo stoo.

Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara