Mtuandikie na hatua basi, sio matokeo tu

Mhariri,

Mi ni msomaji wa kurasa zenu za michezo na chesi naipenda sana, ila leo acha nilalamike kidogo. Mkiandika habari ya chesi mnatuambia fulani kamfunga fulani kwa hatua 41, basi, habari imeisha. Hivi mpira nao mngeuandika hivyo, bila kusema goli limeingiaje?

Chukueni ile gemu ya 6 ya Mmarekani Fischer na Msovieti Spassky, wakigombea ubingwa wa dunia, Reykjavik, Iceland, 1972. Ukisoma tu kwamba Fischer alishinda hujaambiwa kitu, utamu wote uko mwanzoni kabisa, jamaa karibu miaka yote anafungua kwa kusukuma kitunda (kete ndogo ya mbele) hadi mraba wa e4, siku hiyo kasukuma cha c4, mchezo ukageuka taratibu ukawa ufunguzi uitwao Gambiti ya Malkia na Spassky akajilinda kwa mtindo uitwao Tartakower, kitu alichokuwa anakijua vizuri tu, na bado akalala. Gemu ilipoisha Spassky mwenyewe akampigia makofi aliyemfunga! Sasa makofi yale utayaelewaje kama hujui c4 ilivyowashtua watu?

Na mimi juzi nimepigwa kwenye mashindano, nikiwa na kete nyeusi, ufunguzi wa Kiitaliano. Karatasi ya matokeo inaonyesha sifuri tu, aliyeisoma atadhani nilichoka mwishoni, kumbe nilijimaliza hatua ya 5. Farasi wake karuka g5, anaitolea macho f7, mraba ulio jirani na mfalme wangu, nikazuia kwa kusukuma kitunda d5, akakila kile kitunda, hapo nilitakiwa nimpeleke farasi wangu wa c6 kule a5 nimsumbue askofu wake, lakini tamaa bwana, nikala d5 na farasi mwingine. Akajitupa f7, mfalme wangu akamla, malkia wake akatua f3, cheki (yaani anamshambulia mfalme), na farasi wangu wa d5 naye yuko hatarini, ikabidi mfalme atoke mwenyewe hadi e6 kumlinda. Mfalme katikati ya ubao na kete zimejaa! Jasho lilinitoka, na kilichofuata hata sitaki kukisimulia.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, mkiripoti gemu tuwekeeni hata zile hatua kumi za kwanza na jina la ufunguzi. Nafasi haichukui, ni mistari miwili tu chini ya habari kwa herufi ndogo, ubao tunao wenyewe.

Msomaji wenu, mpenzi wa chesi