Mhariri, muulizeni bahari kavuka na nini

Mhariri, salaam nyingi na pole na kazi. Mi ni msomaji wako wa hapa Moshi, mpanda baiskeli wa safari ndefu, na kuna jambo linaniuma muda sasa. Kila akipita mgeni na baiskeli yenye mabegi pembeni, magazeti yetu yanaandika "anazunguka dunia kwa baiskeli", picha moja, basi imeisha. Hakuna anayemuuliza bahari kavuka na nini. Wengi wanavuka na ndege, na si kosa, safari yao bado ni kubwa na naiheshimu, ila kwenda kwa nguvu za mwili peke yake ni kitu kingine kabisa, yaani hakuna injini, hakuna hata tanga, nchi kavu unatembea ama unapiga pedali na majini unapiga makasia ama pedali za boti.

Chukua Erden Eruç, Mturuki anayeishi Marekani. Katoka California Julai 2007 kafunga duara lake Julai 2012, peke yake. Pasifiki tu ilimweka siku 312 kwenye boti ya makasia na bado pepo na mikondo havikumfikisha alikotaka, ikabidi achukuliwe na meli ya wavuvi, halafu mwaka uliofuata karudi kulekule baharini kuendelea. Baadaye kavuka Bahari ya Hindi toka Australia hadi Madagaska, kaingia Msumbiji, kashika baiskeli, na 2011 kapanda Kilimanjaro yetu hii kabla ya kukanyaga pedali hadi Namibia na kuingia Atlantiki. Mhariri, alipita huku! Mi nilikuwepo hapahapa Moshi sikujua, nimekuja kusoma kwenye simu miaka mingi baadaye, inaumiza kweli.

Kabla yake kuna Jason Lewis, Mwingereza, katoka Greenwich, kule London, 1994 karudi Greenwich 2007, miaka 13 hiyo. Kule Colorado aligongwa na gari akiwa kwenye viatu vya magurudumu, miguu yote miwili ikavunjika, akauguza miezi na miezi, akapona akaendelea.

Hapo kwenye kurudi na kuendelea ndo penye uzito wote na mi napajua kidogo. Nilitoka Moshi kwenda Tanga, nimepigana na upepo wa Same siku nzima, kufika Hedaru basi moja likanisukuma nje ya lami, rimu ikapinda kabisa. Dereva wa fuso akanionea huruma akanipa lifti mpaka Mombo kwa fundi. Asubuhi baiskeli ipo tayari, Korogwe iko mbele yangu, barabara nzuri, na hakuna mtu yeyote angejua. Nikapakia baiskeli kwenye basi nikarudi Hedaru, nikaanzia palepale nilipoanguka, kwenye majani yaliyolala. Fundi alinishangaa sana, aliponiona napita tena Mombo mchana ule nakanyaga akaacha kazi akaja kunishika mkono.

Kwa hiyo Mhariri naomba, siku nyingine akipita mtu wa hivyo mtume mwandishi akae naye hata saa moja amuulize kavukaje maji, alipoumwa alifanyaje, alipopewa lifti aliwahi kurudi nyuma au la, na mtupe ukurasa mzima tusome.

Mpanda baiskeli,
Moshi