Stelvio: kazi kubwa iko kwenye kushuka

Mhariri,

Wasomaji wenu walioko Ulaya wanaotaka kupanda Stelvio, njia ya mlimani katika Alpi za Italia, kwa baiskeli wasiwaze mapafu tu, wakague breki. Kutoka kijiji cha Prato allo Stelvio hadi juu, mita 2,757, ni kilomita 24 hivi zenye kona kali 48, kila moja na namba yake. Kwa kupanda, gia yenye meno 34 mbele na 34 nyuma inatosha. Wakati wa kushuka, breki za kubana rimu zikishikiliwa mfululizo, rimu hupata moto na tyubu huweza kupasuka. Punguza mwendo kabla ya kona, kisha achia. Koti na glavu vaa ukiwa bado juu, jasho halijapoa: vidole vyenye ganzi havibani breki. Barabara hufungwa kwa theluji. Hata mwezi Juni ulizia kwanza.

Mpanda baiskeli