Barua ya wazi kwa Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Vipimo: Tupimieni pishi

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Nakuandikia kwa heshima kuhusu vipimo ambavyo havitambuliwi tena sokoni, lakini Waislamu wa nchi hii wanavihitaji kila mwisho wa Ramadhani wanapotoa zaka ya fitri. Kiwango chake ni pishi moja, yaani vibaba vinne, ya chakula cha mahali husika kwa kila mtu wa nyumbani. Kwa kuwa pishi yenyewe imetoweka madukani, tunatangaziwa kilo: huku mbili na nusu, kule tatu. Katika nyumba ya watu wanane tofauti hiyo ni kilo nne za mchele, ambazo ama zimemlemea mtoaji mwenye kipato kidogo, ama zimempunja maskini anayestahili kuzipata.

Mkanganyiko huu unatokana na kugeuza kipimo cha ujazo kuwa cha uzito bila kupima. Wafanyabiashara wa pwani hawakuvichanganya viwili hivi. Pembe na karafuu zilikwenda kwa mizani, kwa frasila, ambayo Unguja ilikuwa ratili 35 hivi, karibu kilo 16. Nafaka ilipimwa kwa chombo, vibaba viwili vikifanya kisaga, visaga viwili pishi, na pishi 60 jizla moja. Chombo kile kile kikijazwa mchele, kisha kikajazwa unga, mizani itatoa majibu mawili, kwa hiyo hesabu moja ya kilo haiwezi kuvifaa vyakula vyote.

Wazee walitofautisha pia kibaba cha mfuto, kinachosawazishwa hadi ukingoni, na kibaba cha tele, kinachoachwa na kilima juu yake. Tofauti hii inanigusa sana, kwa sababu lumbesa ambayo maofisa wako wanapambana nayo, na wana haki kupambana nayo, naiona kuwa ni tele isiyo na makubaliano: mkulima anadaiwa kilima juu ya gunia, wala bei haikitaji. Hata debe limebadilika kimyakimya, kwani lile la bati, lililokuja na mafuta ya taa, lilikuwa la galoni nne, kama lita 18, na ndoo ya plastiki tunayoiita debe leo ni ya lita 20.

Siombi pishi irudi sokoni. Kilo na lita zinamlinda mnunuzi, na sheria ibaki ilivyo. Ninaloomba ni kwamba Wakala wako, wenye mizani iliyohakikiwa na wataalamu ambao misikiti yetu haina, ushirikiane na wenzenu wa Zanzibar kuzitafuta pishi na vibaba vya zamani vilivyobaki majumbani, misikitini na katika makumbusho, na kuvipima ujazo wake kwa lita. Matokeo hayatalingana, maana pishi ya mji mmoja haikuwa lazima iwe sawa na ya mji mwingine. Yaandikwe hivyo hivyo, kila chombo na mahali kilipotoka. Kuchagua ipi ifuatwe katika fitri ni kazi ya masheikh, wala si ya Wakala, lakini masheikh nao wanastahili kuchagua wakiwa na vipimo sahihi mbele yao.

Baada ya hapo litolewe jedwali fupi linaloonyesha uzito wa pishi ya mchele, mahindi, unga, maharage na tende, kwa mfuto na kwa tele, nalo lipelekwe misikitini na kwa wauza nafaka kabla ya Ramadhani ijayo. Vyombo hivi ni vya mti, na wanaojua vilivyotumika ni wazee. Naomba kazi ya kuvitafuta ianze mwaka huu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mnunuzi wa nafaka, Tanga