Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Wazee wetu shikamooni, na wengine wote salamu nyingi. Hesabu za chama mtasomewa na mhazini. Mimi nitasema juu ya jambo lililokula vikao vyetu karibu vyote mwaka huu: saa tunazofanya kazi kwenye mabenki na makampuni ya bima hapa jimbo la Minnesota, Marekani.

Mtakumbuka lilivyoanza. Mwenzetu mmoja alisimama, simu mkononi, akatusomea kwamba wastani wa saa za kazi katika sekta ya fedha ya jimbo hili kwa kawaida haufiki 40 kwa wiki. Ukumbi ulicheka, ila mliokuwepo mnajua kilikuwa kicheko cha namna gani. Kamati ikatumwa kuchunguza nani anadanganya.

Jibu ni kwamba hakuna anayedanganya. Takwimu hizo wanaulizwa waajiri, hatuulizwi sisi, na wanachoulizwa ni saa zilizolipwa katika kipindi cha mshahara chenye tarehe 12 ya mwezi. Kwa hiyo siku uliyougua ukalipwa imo ndani. Saa nzima uliyobaki kutafuta dola 40 zilizopungua drooni, halafu ukaona aibu kuiandika, haimo. Na wale wa mshahara usiobadilika, wasiolipwa kwa saa, mwajiri anaweza kuwaandikia wiki yao ya kawaida, hata kama Jumamosi nzima wameimaliza na mafaili ya madai mezani kwao nyumbani.

Kuna na hili, ambalo kwangu ndilo kubwa. Wastani huo unahesabu ajira, hauhesabu watu. Chukua mtu anayekaa dirishani benki saa 20, jioni akaenda kampuni ya bima kushughulikia madai kwa saa 38. Kwenye takwimu hizo ni ajira mbili, wastani wake 29. Kwenye mwili wake ni saa 58, na bado hajapiga simu nyumbani Afrika Mashariki, ambako wakati wa baridi wametutangulia kwa saa tisa. Watu wa namna hiyo humu ndani ni wengi, nami nilikuwa mmoja wao kwa miaka minne.

Tena ndani ya hiyo “sekta ya fedha” wamo madalali wa nyumba na hata kijana anayekukabidhi funguo za gari la kukodi uwanja wa ndege. Basi tusiulinganishe wastani huo na maisha ya keshia.

Kuhusu ovataimu, yaani malipo ya saa za ziada, maswali yalikuwa mengi. Sheria ya jimbo inaanza kuihesabu baada ya saa 48, lakini ile ya taifa ya mwaka 1938, ambayo ndiyo inayowabana waajiri wetu wengi, inaanza baada ya 40, kwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Kuitwa “meneja msaidizi” hakukuondolei haki hiyo. Kinachotazamwa ni kazi unayoifanya hasa, pamoja na kiwango na namna ya mshahara. Mpango wa kupandisha kiwango cha chini cha mshahara, ambacho usipokifikia kwa kawaida huwezi kunyimwa ovataimu, ulifutwa na mahakama Texas Novemba 2024, kikarudi dola 684 kwa wiki. Maafisa mikopo ya nyumba wajue kuwa Wizara ya Kazi ilitoa tafsiri mwaka 2010 kwamba kwa kawaida wanastahili ovataimu, na Machi 2015 Mahakama ya Juu ilisema wizara ilikuwa na mamlaka ya kuibadili tafsiri yake ya awali bila kwanza kukusanya maoni ya umma.

Likizo ya kulipwa ya jimbo, ya uzazi, ugonjwa na kuuguza ndugu, imeanza Januari 1, 2026. Fomu zake tutazipitia pamoja kikao kijacho, maana zimetusumbua hata sisi wa kamati.

Nakiri tulipokosea: tulikusanya saa za wanachama kwa kumbukumbu za kichwani, na hazikutufikisha popote. Safari hii kila mmoja atapewa daftari dogo. Andika ulipoingia, ulipotoka, na ulichofanya baada ya kutoka. Dai la malipo ya nyuma, kwa sheria ya taifa, lina miaka miwili tu, mitatu ikithibitika mwajiri alikusudia, kwa hiyo msingoje uchaguzi wetu wa Juni. Madaftari yako kwa katibu, karibu na birika la chai.

Mwenyekiti